Tulikwenda Nizwa kuona ngome, mwanangu akauliza swali la utumwa

Mwanangu mkubwa aliuliza swali lake tukiwa katikati ya ngazi za mnara wa ngome ya Nizwa, mbele ya shemeji yangu, ambaye ndiye aliyetupeleka kwa gari lake, akatulipia kiingilio na kutununulia hata maji ya kunywa. Nilifanya kile ambacho wazazi wengi tungekifanya. Nilimfinya.

“Baba mdogo,” alikuwa ameuliza, “hawa ndio waliokuwa wanatuchukua watumwa?”

Nitarudi kwenye ngazi hizo. Kwanza nieleze tulifikaje.

Likizo ya Desemba, mdogo wangu aliyeolewa Omani alitualika Maskati, mimi na wanangu watatu: huyo mkubwa wa miaka 13 aliyekuwa anasubiri kuanza kidato cha kwanza, binti wa miaka 8 na kitinda mimba wa miaka 5. Baba yao alibaki Dar es Salaam na kazi zake. Siku nne za mwanzo zilikwisha kwa maduka makubwa, ufukwe na kula. Siku ya tano shemeji akasema watoto wasiondoke bila kuona milima, kwa sababu Omani ya watu wa kale haiko Maskati, iko bara, nyuma ya milima ya Hajar.

Shemeji mwenyewe ni mtoto wa Waomani waliotoka Unguja. Kiswahili chake ni cha nyumbani, na kwao ukifika asubuhi utakuta mandazi na chai ya maziwa kama uko Mji Mkongwe. Familia za namna hiyo ni nyingi Maskati. Mama yake, ambaye wanangu walimwita bibi tangu siku ya kwanza, alisema naye anakuja. Ana miaka 70 na ushei, magoti yanamsumbua, lakini akisikia Nizwa huwa wa kwanza kuvaa viatu.

Alfajiri ya mbuzi

Tuliondoka Ijumaa saa 11 alfajiri. Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 160 kwa barabara pana na nzuri, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Barabara inapita kwenye uwazi wa Sumail, ambao ndio mlango wa asili kati ya pwani na bara. Misafara ya ngamia ilipita humo humo kwa karne nyingi.

Milima yake haifanani na Usambara wala Uluguru. Haina miti. Ni miamba mitupu, ya kahawia na kijivu, kama kitu kilichoungua kikaachwa. Kitinda mimba alitazama dirishani muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyekata miti yote. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi.

Sababu ya kuwahi ni mnada wa mifugo wa Nizwa, unaofanyika kila Ijumaa asubuhi karibu na ngome. Kama una watoto wadogo na una muda wa jambo moja tu Nizwa, nakushauri liwe hili. Wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara, wanunuzi wamesimama katikati na pembeni, bei zinatajwa kwa sauti huku mbuzi akiendelea kutembezwa. Mnunuzi akivutiwa anamsimamisha, anamkagua meno, anamshika mgongo, kisha anamwachia aendelee na safari yake. Wazee wamevaa kanzu, jambia kiunoni, na kofia za kushonwa kwa mkono zinazofanana kabisa na za Unguja na Lamu. Binti yangu alitaka mbuzi mmoja mweusi. Ilibidi tumkumbushe kwamba tunarudi nyumbani kwa ndege.

Kutoka hapo tuliingia sokoni. Bibi akaokota komamanga kwenye tenga, akamuuliza binti yangu jina lake, halafu akamuuliza maana ya jina. Hakuna aliyejua, na mimi nikiwemo. Manga, akasema, ndivyo wazee wa Kiswahili walivyoiita nchi ya Uarabuni, hasa huku Omani. Ndiyo maana tuna pilipili manga, njiwa manga na komamanga. Makomamanga ya Jabal Akhdar, ule mlima mkubwa unaosimama juu ya Nizwa, yana sifa nchi nzima. Mimi nimetia pilipili manga kwenye pilau kwa zaidi ya miaka 20 bila kujiuliza.

Mnara uliojengwa miaka 12

Ngome ya Nizwa huisahau ukishaiona kutoka nje, kwa sababu kwa nje ni kama ngome nyingine. Ni ndani ndipo watoto wanapofungua macho. Mnara wake mkuu ni wa duara, mpana sana, zaidi ya meta 40 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, na kazi yake ilichukua miaka 12. Sehemu yake ya chini haina vyumba. Imejazwa udongo na mawe, ili risasi ya mzinga ikigonga isipate cha kubomoa.

Njia ya kupanda juu ni ngazi nyembamba yenye kona na milango mizito. Juu ya kila mlango kuna tundu. Adui akifika na kuanza kuvunja mlango, walinzi walioko juu walimmwagia asali ya tende iliyochemka. Nyuma ya milango kuna mashimo yaliyokuwa yakifunikwa kwa mbao. Mbao zikiondolewa, anayepita gizani anatumbukia. Binti yangu alirudia habari ya asali ya tende kwa kila mtu kwa siku tatu zilizofuata.

Nayo asali hiyo ilitengenezwa ndani ya ngome hiyo hiyo. Kuna chumba ambacho sakafu yake ina vijifereji. Magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, uzito ukazikamua zile za chini, na asali ikatiririka kwenye vijifereji hadi kwenye chombo. Chakula na silaha kutoka gunia moja. Nilimwona mwanangu mkubwa, ambaye tangu Maskati alikuwa na simu mkononi, ameitia mfukoni bila kuambiwa.

Shemeji alikuwa akieleza kwa fahari, na haki anayo. Huyu Sultan bin Saif, alisema, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia 1696 mpaka ilipoanguka Desemba 1698. Wareno wakaondoka, na Waomani wakajenga Ngome Kongwe ya Unguja. “Kwa hiyo hii, na ile ya Mombasa, na ile ya kwetu Forodhani, ni habari moja,” akasema. “Mkiiona hii mmeanzia mwanzo.”

Hapo ndipo mwanangu alipounganisha. Mwaka uliopita shule yao iliwapeleka Unguja. Waliiona hiyo Ngome Kongwe, kisha wakapelekwa Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, wakasimama mbele ya zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimamishwa ndani ya shimo. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kimya, na mimi nilidhani ni uchovu wa boti.

Akauliza. Nikamfinya.

Shemeji hakukasirika. Alikaa kwenye ngazi pale pale, watalii wakawa wanatupita kwa ubavu. “Ndiyo,” akamwambia. “Si hawa peke yao, wala si wote. Lakini ndiyo.” Akanyamaza kidogo. “Mimi nikikujibu nitakupa la kitabuni. Tukishuka muulize bibi yako. Yeye ana la nyumbani.”

Nilitamani kumwambia shemeji aache, mama yake ni mtu mzima na tumekuja kutembea. Sikusema. Tulimalizia kupanda, tukaona mji wote chini yetu, kuba la msikiti na bahari ya mitende nyuma yake. Nilipiga picha nyingi na kuona kidogo.

La nyumbani

Bibi alikuwa amekaa kivulini uani, ana kahawa na sahani ya tende. Mwanangu alikwenda kukaa karibu naye. Mimi nilikaa hatua mbili nyuma, nikijifanya namfunga kitinda mimba kamba za viatu. Alimuuliza kwa adabu zaidi ya mara ya kwanza. Alitanguliza hata samahani.

Bibi hakumjibu mara moja. Alimpa tende. Kisha akasema:

“Bibi yake mama yangu alikuwa mtu wa kununuliwa. Unajua suria?”

Mwanangu alisema hajui. Bibi akamweleza kwa maneno machache, bila kuzunguka na bila kuingia pasipohitajika, namna ambavyo mimi nisingeweza. Kwamba aliletwa Unguja akiwa mtoto mdogo. Kwamba alikulia katika nyumba ya watu, na alipokua bwana wa nyumba akamchukua, akazaa naye. Kwamba watoto wa suria walihesabiwa kuwa watoto wa baba yao, huru, wenye jina la ukoo na sehemu ya urithi. “Kwa hiyo mimi ni wa ukoo ule ulioandikwa kwenye karatasi,” akasema, “na ni wa yule asiyeandikwa. Ukiuliza waliochukua ni nani, ni babu zangu. Ukiuliza waliochukuliwa ni nani, ni bibi yangu.”

“Alitoka wapi?” mwanangu akauliza.

“Wengine walisema Nyasa. Wengine walisema Manyema. Aliitwa jina la ua, jina la kupewa. La kwao hakuna ajuaye.”

“Kwa nini hamkumuuliza?”

“Mimi sikumkuta. Mama yangu ndiye aliyemkuta. Nilipokuwa mdogo kama wewe nilimuuliza mama: bibi yako alikuwa akiitwaje kwao? Akanifinya.”

Bibi hakuwa ameniona ngazini. Shemeji aliangalia pembeni. Mimi niliinamia viatu vya mtoto ambavyo vilikwisha kufungwa zamani.

La kitabuni

Nikiwa nimejifunza kwa aibu, nawaeleza wazazi wenzangu kile ambacho ningewaeleza wanangu kabla ya kupanda ndege, maana ngome ya kale haijengwi na kuta tu. Sikuwa sijui. Nilidhani halina haja, kwa kuwa tunakwenda kwa ndugu.

Saif bin Sultan, yule aliyeiteka Fort Jesus, alikufa mwaka 1711 akiwa tajiri mkubwa wa merikebu, watumwa na mashamba. Anakumbukwa Omani kwa kufufua mifereji ya maji na kupanda maelfu ya mitende. Mashamba ya namna hiyo yanahitaji mikono, na sehemu ya mikono hiyo ilitoka kwetu. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Busaid uliotawala baada ya Yaarubi, alihamishia makao yake Unguja. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ikapandwa na kuchumwa na watu waliotolewa bara. Wengine walivushwa hadi Uarabuni, wakafanya kazi katika mitende, katika kuzamia lulu na majumbani. Tende za Omani wakati huo ziliuzwa hadi Marekani.

Mtoto ajue pia kwamba mlolongo ulikuwa mrefu. Bara kulikuwa na machifu waliouza mateka wao na misafara ya Waafrika iliyowashusha pwani, pwani kulikuwa na Waswahili waliofanya biashara hiyo, kulikuwa na Wahindi waliokopesha mitaji, na Wafaransa walionunua watu kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao katika Bahari ya Hindi. Hili halimtoi mtu yeyote hatiani. Linamsaidia mtoto asirudi shuleni akimtazama mwenzake mwenye jina la Kiarabu kwa jicho baya, na pia asidhani kwamba kwao kulikuwa na malaika watupu.

Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya shinikizo la Waingereza. Utumwa wenyewe Unguja haukufutwa kisheria hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922. Omani ni 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka. Mwanangu alipousikia mwaka huo alimgeukia bibi: “Ulikuwa umeshazaliwa!” Bibi akasema alikuwa amekwisha kuolewa.

Maji yanayogawanywa kwa saa

Baada ya swala na chakula tulielekea Misfat al Abriyyin, kijiji cha mawe juu ya mji wa Al Hamra, chini ya saa moja kutoka Nizwa. Watoto walitaka tupitie Bahla kwanza, kwa kuwa shemeji aliwaambia ina ngome iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987, na ukuta wa udongo wa kilomita 12. Kosa lake ni kuongeza kwamba Omani nzima inaijua Bahla kwa majini. Kitinda mimba akaanza kulia. Bibi akasema majini wa Bahla watatusamehe, tutakwenda siku nyingine.

Kona za mwisho za kupanda Misfat zilimshinda binti yangu. Nilikuwa na mfuko wa plastiki kwenye mkoba, lakini mkoba ulikuwa kwenye buti. Sitaeleza zaidi. Ukiwa na mtoto anayechefuka garini, mkalishe mbele au katikati, mpe kitu kikavu badala ya juisi, na huo mfuko ukae mkononi mwako.

Misfat imejengwa juu ya mwamba, nyumba zimeshikana na jabali kama viota. Ukiingia kwenye vichochoro vyake ni baridi hata jua likiwa kali. Halafu ghafla unasikia maji. Katikati ya milima ile mikavu, mfereji mwembamba unapita kando ya njia, maji safi kabisa, na chini yake zimeshuka ngazi za bustani: mitende juu, chini yake migomba, mindimu, mikomamanga, na chini kabisa majani ya mifugo.

Mfereji huo huitwa falaj. UNESCO, ilipoiweka mitano ya Omani kwenye orodha yake mwaka 2006, ilisema kama 3,000 ya namna hiyo bado inatumika nchini humo. Mingine huchukua maji kwenye chemchemi, mingine kwenye mabonde, na mingine huyafuata maji chini ya ardhi kwa mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono kilomita kadhaa, yakiwa na mwinamo mdogo tu ili yateremke yenyewe, bila pampu. Yakifika kijijini, sehemu ya kwanza ni ya kunywa. Kisha msikitini, kisha kuoga na kufua, ndipo yaende mashambani.

Mashambani yanagawanywa kwa muda. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Kipimo cha kawaida huitwa athar, ambacho ni karibu nusu saa ya maji. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Zamu ikiisha, jiwe na kitambaa vinahamishwa kutoka mlango mmoja wa mfereji kwenda mwingine, na maji yanageuka. Zamu inarithiwa, inauzwa na inakodishwa kama shamba.

Mimi ninayetoka mtaa ambao bomba likitoka maji usiku kila nyumba inaamka na ndoo, nilisimama hapo muda mrefu kuliko watoto.

Wanangu wadogo walirusha majani mfereji mzima kuona la nani litafika mbele. Mkubwa alitembea kando ya maji na shemeji. Nilimsikia akiuliza kama huu nao ulichimbwa na watumwa. Shemeji akasema wa hapa hajui, na kwamba kazi ya kuchimba mahandaki Omani ina koo zake zilizorithi ufundi huo, lakini katika mashamba mengi ya chini watumwa walilima na kumwagilia. Alijibu kama mtu anayejibu swali la njia. Na mwanangu aliyapokea hivyo hivyo, kisha akauliza kama anaweza kunywa. Jibu lilikuwa hapana, kunywa ya chupa.

Kwa wanaopanga kwenda, machache ya haraka. Nendeni kati ya Novemba na Machi. Miezi ya joto milima ile ni tanuri. Viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa vichochoro vya Misfat vinateleza na ngazi za Nizwa zimechakaa. Vaeni nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe. Ni kijiji cha watu wanaoishi, na msipige picha za watu bila kuomba. Ijumaa saa za kufungua ngome hubadilika kwa ajili ya swala, ulizeni kabla. Mkitaka kupanda Jabal Akhdar kwenyewe, ambako uwanda wake uko karibu meta 2,000 juu ya bahari, kuna kizuizi cha polisi Birkat al Mouz na gari ndogo haliruhusiwi kupita, lazima liwe la kuvuta magurudumu manne. Msijaribu kuyapanga yote siku moja na watoto. Sisi tulifanya mawili na yalitutosha.

Kurudi

Kurudi, mkubwa aliomba kukaa nyuma na bibi. Wadogo walilala kabla hatujafika Izki. Giza lilikuwa linaingia, na wale wawili nyuma waliendelea kuzungumza kwa sauti ya chini. Mdogo wangu alinigusa goti ili nisikilize.

Sasa bibi ndiye aliyekuwa anauliza. Alitaka kujua shuleni kwao wanafundishwa nini juu ya Mapinduzi ya Unguja. Mwanangu akasema kilichomo kwenye kitabu: Januari 12, 1964, wakulima na wakwezi wakaupindua utawala wa Sultani. Akasema kwa kusitasita, kama anayesoma jina la mtu mbele ya mwenyewe.

“Ni kweli,” bibi akasema. “Kitabu hakijakosea. Mimi nilikuwa wa umri wako huo huo.”

Akamsimulia. Baba yake alikuwa na duka Malindi, hakuwa na shamba hata la mkarafuu mmoja. Waliwaua jirani zao wawili. Siku tisa walikaa ndani na madirisha yamefungwa, na aliyewaletea chakula alikuwa mwanamke Mwafrika aliyekuwa akimsaidia mama yake kufua. Mwisho walipanda chombo hadi Mombasa, kutoka Mombasa Dubai, na miaka mingi baadaye, Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika warudi, wakaja Maskati. Yeye alikuwa haijui Omani. Kiarabu chake kilichekwa. Huku waliwaita Wazanzibari, na wengine bado wanawaita hivyo.

“Ulimchukia nani?” mwanangu akauliza. Nilitaka kugeuka. Mdogo wangu akaniminya goti tena, kwa nguvu zaidi.

“Niliwachukia wote,” bibi akasema. “Halafu nikawa na watoto, nikachoka.”

Tulikaa kimya mpaka taa za Maskati. Kabla hatujafika, nikasikia wanapanga jambo. Bibi alikuwa anamwelekeza nyumba yao ya Malindi: ukitoka bandarini, ukiingia mtaa wa pili, mlango wenye misumari ya shaba upande wa kushoto, dirisha la juu lina kibaraza. Mwanangu alikuwa anaandika kwenye simu. Alimwambia tukienda Unguja atakwenda kuitafuta.

“Usigonge,” bibi akasema. “Waliomo humo nao wamezaa watoto humo. Piga picha ya nje tu.”

Tulikwenda mwezi wa nne, likizo ya Pasaka. Ilituchukua saa nzima, kwa sababu mtaa wa pili wa mwaka 1964 siyo mtaa wa pili wa leo, na muuza kahawa mmoja mzee ndiye aliyetufikisha. Mlango bado upo. Misumari imepungua. Mwanangu alisimama upande wa pili wa barabara, akapiga picha 1, akaituma.

Bibi alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nusu yake alikuwa akiulalamikia waya wa umeme ambao mtu ameupitisha juu ya mlango wa baba yake.